Kodi yavuka bahari, matibabu yabaki Marekani

Mageuzi ya bima ya afya na raia wa Marekani waishio ng'ambo

WAFANYABIASHARA wa ukanda wetu wamezoea kuzitazama sheria za Marekani kwa jicho la bei: dola inakwenda wapi, kahawa na chai zitanunuliwa kwa kiasi gani, mashati ya viwandani yataingia bila ushuru au la. Wiki hii ukurasa huu unageukia bidhaa isiyopakiwa melini wala kupimwa kwenye mizani, nayo ni bima ya afya.

Sababu ni kwamba wapo miongoni mwetu watu wengi wenye pasipoti ya Marekani. Wapo waalimu wa shule za kimataifa za Nairobi, wamisionari wa Nyanda za Juu Kusini, wenye hoteli za pwani ya Zanzibar na wataalamu wa miradi ya mikataba. Wapo pia wazaliwa wa Mombasa, Kisumu na Malindi waliokwenda kutafuta maisha Marekani, wakapata uraia wa huko, na sasa wamerejea kujenga, kuwekeza na kupumzika uzeeni. Wote hawa huulizana swali moja: ile sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inatuhusu, au tuliiacha uwanja wa ndege?

Jibu kwa ufupi ni hili. Faini ya kutokuwa na bima, ambayo ndiyo iliyowatia watu hofu, haikuwahusu wengi wao, na sasa haipo tena katika ngazi ya taifa. Lakini kodi zilizowekwa ili kuyagharimia mageuzi hayo zinawafuata popote walipo. Na manufaa ya mageuzi hayo, yaani ruzuku na soko la bima, hayawafikii mpaka warudi kuishi Marekani. Asiyejua tofauti ya mambo haya matatu hulipa kisichomlazimu, au hukosa kulipa kinachomlazimu. Yote mawili ni hasara.

MAFIGA MATATU YA SHERIA

Itakumbukwa kwamba Rais Barack Obama alitia saini sheria hiyo tarehe 23 Machi 2010. Jina lake rasmi ni refu, na walio wengi huiita Obamacare. Kabla yake, kampuni ya bima katika majimbo mengi iliweza kumkataa mtu aliyekuwa na kisukari au ugonjwa wa moyo, au kumtoza zaidi ya jirani yake mzima.

Sheria ilisimamishwa juu ya mafiga matatu. La kwanza, kuanzia mwaka 2014 kampuni za bima haziruhusiwi kumkataa mtu wala kumwongezea malipo kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao. La pili, kila mtu alilazimishwa kuwa na bima, kwa sababu kama wazima wangesubiri waugue ndipo wakate bima, mfuko ungekauka. La tatu, wenye kipato cha chini na cha kati walipewa ruzuku ya kulipia bima hiyo kupitia soko maalumu la serikali.

Kwa mtu aishiye Marekani mafiga haya hukaa pamoja. Kwa aishiye Dar es Salaam au Nairobi hutawanyika. Figa la kwanza halizibani kampuni za nje ya Marekani. La pili lilimgusa kwa masharti tu. La tatu limefungwa kwake kabisa, maana soko la bima humhudumia mtu anayeishi ndani ya Marekani.

Na hapa ni lazima kukumbushana jambo la msingi. Nchi nyingi hutoza kodi ya mapato kwa kuangalia mtu anaishi wapi. Marekani huangalia pia uraia. Mwenye pasipoti yake ambaye mapato yake yamefikia kiwango kilichowekwa hupaswa kujaza ritani kila mwaka, hata kama hajakanyaga ardhi ya Marekani kwa miaka 20. Kwa mlango huo wa kodi ndipo sheria ya afya ilipoingilia maisha ya walio ng'ambo.

SIKU 330

Sharti la kuwa na bima lilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2014, na msimamizi wake alikuwa mamlaka ya kodi, IRS. Asiyekuwa na bima inayotambuliwa alilipa faini pamoja na kodi yake. Mwaka 2014 faini ilikuwa dola 95 kwa mtu mzima au asilimia 1 ya mapato yaliyozidi kiwango cha kujaza ritani, kipi kikubwa. Mwaka 2015 ilipanda hadi dola 325 au asilimia 2. Mwaka 2016 ilifika dola 695 au asilimia 2.5.

Waliotunga sheria hawakuwasahau walio ng'ambo. Waliweka kifungu kisemacho kwamba raia aishiye nje ahesabiwe kuwa anayo bima, hata kama hana, iwapo amefaulu mojawapo ya vipimo viwili ambavyo tayari vilikuwamo katika sheria ya kodi.

Kipimo cha kwanza ni cha ukazi. Mtu awe mkazi halisi wa nchi ya nje kwa kipindi kisichokatika ambacho ndani yake umo mwaka mzima wa kodi, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba. Hapa huangaliwa maisha yake: nyumba, familia, kibali cha kuishi, nia ya kukaa. Likizo fupi ya kwenda kuwaona wazazi haivunji ukazi.

Kipimo cha pili ni cha siku. Mtu awe amekaa nchi za nje siku kamili 330 katika miezi 12 mfululizo. Miezi hiyo si lazima ianze Januari. Siku kamili maana yake ni saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo siku ya kuondoka Marekani au ya kuwasili huko haihesabiwi. Mwenye kadi ya kijani ambaye si raia kwa kawaida hutegemea kipimo hiki cha siku.

Tuchukue mfano wa kuonyesha hesabu. Mhandisi mseja Mmarekani aliletwa kwa mkataba wa barabara, akaishi hotelini bila kuhamisha makazi, na mwaka 2016 alitumia siku 40 kwao. Mwaka huo ulikuwa na siku 366, hivyo zilibaki 326. Tuseme pia hapakuwa na miezi 12 mingine ya kumwokoa. Mapato yake yalikuwa dola 60,000 na kiwango cha mseja cha kujaza ritani kilikuwa dola 10,350. Tofauti ni dola 49,650, na asilimia 2.5 yake ni dola 1,241. Kwa kuwa kiasi hiki kinazidi dola 695, ndicho kilichodaiwa. Siku nne tu zilimgharimu zaidi ya dola elfu moja.

Wala isingemsaidia kuonyesha kwamba alikuwa na bima ya binafsi aliyoinunua kwa kampuni ya nje ya Marekani. Kwa kawaida bima ya namna hiyo haikutambuliwa. Ndiyo maana wahasibu wa wakati ule waliwahimiza wateja wao kutunza tiketi na mihuri ya pasipoti kama wanavyotunza risiti za benki.

FAINI ILIVYOONDOKA

Faini hiyo haikudumu. Tarehe 22 Desemba 2017 Rais Donald Trump alitia saini sheria ya kodi ambayo, pamoja na mengine mengi, ilishusha faini hadi sifuri kuanzia mwaka 2019. Sharti lenyewe bado limeandikwa katika vitabu vya sheria, lakini halina fimbo.

Sheria nzima ilifikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Tarehe 28 Juni 2012 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Bunge lilikuwa na mamlaka ya kuweka faini hiyo kwa sababu ni kodi. Baada ya faini kuwa sifuri, wapinzani walirudi wakidai kwamba sheria yote sasa haina mguu wa kusimamia. Tarehe 17 Juni 2021 Mahakama iliwakataa, ikisema walalamikaji hawakuwa na haki ya kufungua shauri hilo.

Hata hivyo, msomaji asiseme mambo yamekwisha. Majimbo ya Massachusetts, New Jersey, California na Rhode Island, pamoja na mji mkuu Washington, yana masharti yao ya bima na faini zao. Aliyehama kabisa hana shida kubwa. Mwenye shida ni yule aliyekuja huku huku makazi yake ya kisheria yamebaki katika mojawapo ya majimbo hayo. California, kwa mfano, ina msamaha kwa raia waishio nje, lakini msamaha huombwa kwenye ritani ya jimbo. Hauji wenyewe.

KODI MBILI ZILIZOBAKI

Sasa tunafika penye uzito. Ili kuyagharimia mageuzi, Bunge la Marekani liliweka kodi mbili zilizoanza tarehe 1 Januari 2013. Hizi hazikufutwa na mabadiliko ya mwaka 2017, na hakuna kipimo cha siku 330 kinachomwondolea mtu.

Ya kwanza ni asilimia 3.8 juu ya mapato ya uwekezaji: riba, gawio la hisa, faida ya kuuza mali, na pango la nyumba. Hutozwa pale mapato yote ya mtu yanapozidi dola 200,000 kwa mseja, dola 250,000 kwa mume na mke wanaojaza ritani pamoja, na dola 125,000 kwa mwenye ndoa anayejaza peke yake. Viwango hivi havijapandishwa tangu 2013 wala havifuati mfumuko wa bei. Kadiri mishahara inavyopanda, ndivyo watu wengi zaidi wanavyoangukia ndani.

Msomaji atazame hicho kiwango cha dola 125,000. Mmarekani aliyeoa au kuolewa na Mkenya au Mtanzania asiye na uraia wa Marekani mara nyingi hujaza ritani peke yake, ili mapato ya mwenzake yasiingizwe kwenye kodi ya Marekani. Kwa kufanya hivyo hujikuta kwenye kiwango cha chini kuliko vyote.

Jambo la pili la kuangalia ni mshahara. Raia aishiye nje huruhusiwa kuondoa sehemu kubwa ya mshahara wake katika kodi ya kawaida. Kwa mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 130,000. Lakini kwa kodi hii ya asilimia 3.8, mshahara ulioondolewa mlangoni hurudishwa dirishani: huhesabiwa upya ili kuona kama mtu amevuka kiwango.

Tuseme bibi mmoja mwenye pasipoti ya Marekani ameolewa Nairobi na mume asiye Mmarekani. Mshahara wake ni dola 110,000, na mwaka huo ameuza kiwanja cha Kilifi kwa faida ya dola 40,000. Jumla ni dola 150,000, yaani amezidi kiwango chake kwa dola 25,000. Kodi hutozwa juu ya kile kilicho kidogo kati ya faida ya uwekezaji na kiasi kilichozidi. Hapa ni dola 25,000, na asilimia 3.8 yake ni dola 950.

Atauliza: je, kodi niliyolipa Kenya hainisaidii? Kenya hutoza asilimia 15 juu ya faida ya kuuza ardhi tangu Januari 2023, ilhali zamani ilikuwa asilimia 5. Risiti ya KRA huweza kufuta yote au karibu yote ya kodi ya kawaida ya Marekani juu ya faida hiyo. Lakini kwa zile dola 950, sheria haikuweka nafasi ya kukata kodi ya nje.

Wapo walioipinga hali hiyo mahakamani. Mwezi Oktoba 2023, mahakama ya madai dhidi ya serikali ya Marekani iliwapa haki mke na mume Wamarekani waishio Ufaransa, kwa msingi wa mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili. Desemba 2024 mahakama hiyo hiyo iliamua vivyo hivyo kwa mkazi wa Kanada. Serikali ilikata rufaa. Kwetu sisi habari hizo ni za jirani, kwa maana Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, Tanzania wala Uganda. Hata walio Ufaransa na Kanada wakishinda moja kwa moja, wenzao wa huku hawana mkataba wa kuushika.

Kuna tahadhari moja inayohusu thamani ya fedha. Marekani hupima faida kwa dola, kwa bei ya siku ya kununua na ya siku ya kuuza. Mtu akinunua kiwanja kwa shilingi milioni moja dola ikiwa shilingi 80, amelipa dola 12,500. Akikiuza kwa milioni mbili dola ikiwa shilingi 130, amepata dola 15,385. Kwa shilingi faida ni milioni nzima. Kwa dola ni 2,885 tu. Asiyetunza bei ya dola ya siku aliyonunua anaweza kutozwa kwa faida ambayo hakuipata.

Kodi ya pili ni asilimia 0.9, juu ya mshahara au kipato cha kujiajiri kinachozidi viwango vile vile. Ni nyongeza juu ya mchango wa Medicare, bima ya wazee ya Marekani. Anayeajiriwa ng'ambo na kampuni ya Marekani hukatwa mchango huo. Anayeajiriwa na kampuni ya Kenya au Tanzania kwa kazi ya huku hakatwi. Lakini aliyejiajiri, kama mwenye duka, mwongoza watalii au mshauri, hulipa mwenyewe asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na Medicare, ambayo ndani yake asilimia 2.9 ni ya Medicare. Zipo nchi zenye mapatano na Marekani ya kuzuia mtu asichangie mara mbili. Hakuna hata moja barani Afrika.

MEDICARE HAIPANDI NDEGE

Mtu anayechangia hujiuliza, na ni haki yake, atapata nini. Medicare, inayoanza mtu atimizapo miaka 65, hulipia matibabu ndani ya majimbo 50, mji mkuu na visiwa vilivyo chini ya Marekani. Nje ya hapo hailipi, isipokuwa katika hali chache sana, kama mgonjwa wa dharura aliye karibu na mpaka wa Kanada ambaye hospitali ya Kanada ni ya karibu zaidi. Hospitali ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala haimo. Sheria ya 2010 haikubadili jambo hilo.

Hata hivyo si busara kuitupa. Medicare ina sehemu mbili kubwa. Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini, na aliyechangia miaka 10 kwa kawaida huipata bila malipo ya kila mwezi. Sehemu B ni ya madaktari na kliniki, nayo hulipiwa kila mwezi. Kwa mwaka 2026 malipo ya kawaida yaliwekwa dola 202.90.

Mstaafu wa Malindi husema: kwa nini nilipe zaidi ya dola 2,400 kwa mwaka kwa huduma nisiyoweza kuitumia? Hoja yake ina mantiki. Lakini sheria humwongezea asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa kujiunga na Sehemu B, na nyongeza hiyo kwa kawaida humfuata maisha yake yote. Aliyechelewa miaka minne huongezewa asilimia 40. Kwa viwango vya 2026 angelipa karibu dola 284 kwa mwezi badala ya 203.

Kuna jingine lenye maumivu zaidi ya nyongeza. Aliyekosa nafasi yake ya kwanza hujiunga kati ya 1 Januari na 31 Machi tu, na bima huanza mwezi unaofuata. Akirudi Marekani mgonjwa mwezi Aprili, atakaa bila Sehemu B mpaka Februari ya mwaka unaofuata. Ni miezi kumi, na saratani haisubiri miezi kumi.

Wapo walioachiwa mlango. Anayeendelea kufanya kazi baada ya miaka 65, au ambaye mwenzi wake anafanya kazi, akiwa na bima ya kikundi kutoka kwa mwajiri huyo, hupewa miezi 8 ya kujiunga bila nyongeza baada ya kazi au bima hiyo kwisha. Na wanaojitolea ng'ambo angalau miezi 12 chini ya shirika la hisani lililosajiliwa kodi Marekani, wakiwa na bima ya afya muda huo, nao wana nafasi yao. Wamisionari wetu wengi wamo katika kundi hili la pili, ila sharti wawe na barua za kuthibitisha.

Kwa hiyo hesabu ya Sehemu B ni hesabu ya nia. Aliyeamua kuzikwa huku hana sababu kubwa ya kuilipia. Mwenye watoto Minneapolis na anayejua kwamba akilemewa atapelekwa huko, ailinganishe gharama ya kila mwaka na hatari ya kungoja.

WARUDIO: SIKU 60

Kwa aliye chini ya miaka 65, manufaa ya mageuzi huanza siku anapohamia Marekani, nayo ni makubwa. Kampuni haiwezi kumkataa kwa shinikizo la damu alilotoka nalo Mombasa. Kijana aliye chini ya miaka 26 anaweza kuwekwa katika bima ya mzazi. Hakuna kikomo cha fedha, cha mwaka wala cha maisha, juu ya huduma za lazima.

Lakini lango hilo lina saa. Kuhamia Marekani kutoka nje humpa mtu siku 60 za kuchagua bima katika soko la serikali. Aliyehama ndani ya Marekani hutakiwa kuonyesha kwamba alikuwa na bima kabla ya kuhama. Anayetoka nchi ya nje hatakiwi, ila athibitishe kwamba amehama kweli. Kwenda kutibiwa na kurudi si kuhama. Zikipita siku 60 hungoja msimu wa kawaida, ambao huanza 1 Novemba, na bima huanza Januari.

Juu ya ruzuku, mambo mawili. Kwanza, hupimwa kwa mapato ya mwaka mzima, pamoja na mshahara wa ng'ambo ulioondolewa katika kodi. Aliyepata dola 90,000 Nairobi hadi Agosti asitegemee kupewa ruzuku ya maskini Septemba. Pili, wenye ndoa wanaojaza ritani mmoja mmoja kwa kawaida hawapewi. Kumwingiza mwenzi asiye Mmarekani kwenye ritani ya pamoja kunaruhusiwa, lakini mapato yake ya dunia nzima huingia pia. Na ifahamike kwamba nyongeza ya ruzuku iliyoanza 2021 ilirefushwa mwaka 2022 hadi mwisho wa 2025 tu, kwa hiyo asipige hesabu kwa bei alizosimuliwa na ndugu aliyenunua 2023.

SOKO LA BIMA ZA NG'AMBO

Anayeishi huku, basi, hubaki na soko la huku. Ana bima za kampuni za nchini, mpango wa serikali pale sheria inapomhusu, na bima za kimataifa zinazouzwa kwa watu wanaohamahama. Kenya ilibadili mpango wake tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikaanza kukata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi.

Bima za kimataifa zilikuwa na kisa chao Marekani. Kampuni za huko zilizouza bima hizo zililalamika kwamba sheria ya 2010 ingezibana huku washindani wao wa nje wako huru, na kazi zingehama. Mbunge wa Delaware, John Carney, alisimamia muswada wa kuziondolea mzigo. Uliingizwa katika sheria ya bajeti iliyotiwa saini Desemba 2014, na tangu 1 Julai 2015 bima za wafanyakazi wa ng'ambo zimesamehewa masharti mengi ya mageuzi.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba ulinzi aliousikia kwenye redio za Marekani haumo lazima katika karatasi aliyopewa. Bima ya kimataifa anayoinunua mtu binafsi huweza kumkataa mwenye ugonjwa wa zamani, au kumkubali bila kuugharimia ugonjwa huo. Aulize mambo matatu kabla ya kutia saini. Je, ugonjwa nilio nao umo? Je, eneo ni dunia nzima au dunia nzima ukiacha Marekani? Tofauti ya bei ni kubwa, na mwenye desturi ya kwenda kutibiwa huko asidanganywe na bei ndogo. Je, ndege ya wagonjwa imo? Aliye Ruaha au Lamu hatapona kwa bima inayolipia kitanda bila kulipia njia ya kukifikia.

Kwa waajiri, kampuni ya Marekani yenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote hulazimika kuwapa bima, lakini saa za kazi zinazofanywa na kulipwa nje ya Marekani hazihesabiwi. Ofisi ya Nairobi haiongezi mzigo huo wa makao makuu. Ndiyo maana Mmarekani anayekuja na mkataba asidhani bima imo kwa sababu sheria inasema. Imo ikiwa mkataba unasema.

YA KUWEKA KICHWANI

Msomaji aweke tarakimu nne ukutani. Siku 330, kwa anayetaka kuondoa mshahara wake katika kodi ya kawaida. Dola 125,000, kwa mwenye ndoa anayejaza peke yake na anayefikiria kuuza mali. Siku 60, kwa anayerudi kabla ya uzee. Miaka 65, kwa wote, na uamuzi wa Sehemu B ufanyike miezi mitatu kabla ya siku ya kuzaliwa, ambapo dirisha la kwanza hufunguliwa.

Mwenye kiwanja cha kuuza, au tiketi ya kurudi moja kwa moja, aanzie kwa mhasibu anayezijua kodi za nchi zote mbili kabla ya kutia saini. Ada ya mhasibu hulipwa mara moja. Nyongeza ya Sehemu B hulipwa kila mwezi mpaka kaburini.